Lusenda: jua halikosekani, batri ndiyo inakufa mapema

FIZI – Lusenda si mahali panapokosa jua. Kijiji hiki cha teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, kiko kando ya ziwa Tanganyika, karibu digrii 4 kusini ya ikweta. Kwa wastani wa mwaka, kila metro moja ya mraba ya udongo wa huko inapokea karibu kilowati-saa 5 za nguvu ya jua kwa siku. Ndiyo maana pano za jua zimekuwa kitu cha kawaida juu ya mabati, mbele ya butiki, hata chini kwenye uwanja karibu na mlango.

Lakini kuna jambo ambalo jamaa nyingi zinalijua kwa uchungu. Pano inanunuliwa, taa zinawaka, watoto wanafurahi. Baada ya miezi michache mwanga unaanza kuzimika saa tatu ya usiku, halafu saa mbili, halafu hauwaki tena. Pano bado iko juu ya paa na bado ni nzima. Kilichokufa ni batri, na pamoja nayo feza iliyokusanywa kwa muda mrefu.

Mara nyingi watu wanasema walinunua kitu kibaya. Ni kweli kwamba vitu vibaya viko sokoni. Lakini mafundi wa umeme wa jua wanajua kwamba batri nyingi zinauawa na hesabu ambayo haikufanywa siku ya kununua.

Kwa nini kila jamaa inajitafutia

Shirika la umeme la taifa, SNEL, lilianzishwa mwaka 1970. Katika Kivu ya Kusini, umeme wake unatoka hasa kwenye mto Ruzizi: bwawa la Ruzizi I lililojengwa mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II lililoanza kazi mwaka 1989 kwa ushirika wa Congo, Rwanda na Burundi. Mabwawa hayo mawili yanalisha Bukavu na miji mingine, na mstari unashuka hadi Uvira. Haujafika Lusenda wala Baraka.

Tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2014 inchi ilipata sheria mpya, namba 14/011, iliyofungua mlango kwa kampuni za watu binafsi kutengeneza na kuuza umeme. Kwa miji mikubwa matokeo yalionekana: mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mjini Goma kituo cha jua cha megawati 1.3 chenye mistari yake. Kwa vijiji vya kando ya ziwa, sheria haikuleta mstari. Kwa hiyo kila jamaa imebaki na kituo chake kidogo cha umeme: pano moja, batri moja, waya na ampule.

Wenyeji na wakimbizi, giza moja

Mwezi wa 6 mwaka 2015, pembeni ya kijiji, ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Ilipokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza Bujumbura mwezi wa 4 wa mwaka ule. Makumi ya maelfu ya watu walipita au kukaa pale, na mwaka 2017 eneo lingine, Mulongwe, likafunguliwa karibu na Baraka kwa sababu Lusenda ilikuwa imejaa.

Katika nyumba za udongo na bashi zilizosimama karibu karibu, mshumaa au koroboi ya petroli si taa tu, ni hatari. Moto ukishika bashi au majani hausimami kwenye nyumba moja. Kwa wanawake na wasichana, kwenda chooni usiku bila mwanga ni hatari ya namna nyingine. Taa ndogo ya jua inapunguza hatari zote mbili.

Pano imekuwa pia chombo cha kazi. Mwenye pano mbili na batri anaweza kuchajisha simu za jirani kwa malipo, kunyoa nywele kwa mashine, au kuonyesha mpira. Kwa mkimbizi ambaye msaada wake umepungua, na kwa mwenyeji ambaye shamba la muhogo halimpi feza kila juma, mapato hayo madogo yana uzito. Batri ikifa, taa na kazi vinakufa siku moja.

Somo la wavuvi wa ndakala

Kuna watu wa ziwa hili waliojifunza kupima mwanga kabla ya wengine. Ndakala wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani wavuvi walipakia mtumbwini taa za presha zinazokula petroli, na sehemu ya faida ya usiku ilibaki ndani ya tangi la taa. Katika miaka hii wengi wamehamia ampule za LED na batri, zinazochajishwa mchana kwa jua au kwa jenereta.

Mvuvi anajua usiku wake una saa ngapi, ana taa ngapi, na batri lazima ifike asubuhi. Anajua pia kwamba mwezi ukiwa mpevu ndakala hawakusanyiki vizuri kwenye taa, kwa hiyo siku hizo anapumzisha vyombo vyake. Batri yake ina hesabu na ina mapumziko. Batri ya nyumbani, mara nyingi, haina hata kimoja. Inawasha taa, kisha inaongezewa redio, kisha simu za jirani, kisha televizyo ya kombe la mpira, bila mtu kuuliza kama ina nguvu ya kubeba vyote.

Hesabu ya usiku mmoja

Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Wati zikizidishwa kwa saa za kutumia, zinatoa wati-saa, yaani nguvu inayoliwa.

Chukua nyumba yenye ampule 3 za LED za wati 5, zinazowaka saa 5 kila usiku. Hizo ni wati-saa 75. Kuchajisha simu kubwa 2 kunakula karibu wati-saa 30. Redio ya wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 20. Jumla ni 125.

Sasa pano. Ikiwa ya wati 50 ya kweli, na siku ikiwa na jua sawa na saa 5 za nguvu kamili, inatoa wati-saa 250 kwenye karatasi. Lakini joto, vumbi, waya na batri yenyewe vinakula karibu sehemu moja kwa tatu. Zinabaki kama 170. Kwa hiyo pano ya wati 50 inatosha kwa taa, simu na redio, na inabakiza kidogo kwa siku ya mawingu.

Ongeza televizyo ndogo ya wati 30 kwa saa 4. Hizo ni wati-saa 120 zaidi, na jumla inapanda hadi 245. Pano ya wati 50 imeshindwa. Kila siku batri inatoa kuliko inavyopokea, na kila usiku inashuka chini zaidi. Nyumba hii inahitaji pano ya wati 100, ama iache televizyo.

Pasi na jiko la umeme havimo kabisa katika hesabu hii. Pasi ya kawaida inakula wati 1000 au zaidi. Kuiweka kwenye konvertisere na batri moja ni kumaliza nguvu ya usiku mzima kwa dakika chache, ikiwa konvertisere haijaungua kwanza.

Batri ya gari si batri ya nyumba

Batri inayopatikana kwa urahisi ni ile ya risasi na asidi, volti 12, na mara nyingi ni ya gari. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha kujazwa tena palepale. Haikutengenezwa kumwagwa pole pole usiku kucha. Ikimwagwa hadi chini kila siku, ndani ya miezi michache haishiki tena moto. Iliyotolewa kwenye gari ikiwa imechakaa inakufa upesi zaidi.

Batri ya jua, ile ya kumwaga pole pole, ina risasi nene zaidi na inavumilia. Hata hiyo ina sheria: isimwagwe kupita nusu. Hapa ndipo hesabu inarudi. Nyumba ya wati-saa 125, kwa batri ya volti 12, inakula kama ampea-saa 10 kwa usiku. Kwa kuwa nusu tu inaruhusiwa, inahitaji batri ya ampea-saa 20. Mvua ikifunika jua siku mbili mfululizo, jambo ambalo si geni Fizi kati ya mwezi wa 9 na wa 5, inafaa iwe na 40. Nyumba yenye televizyo, kwa hesabu ileile, inahitaji 80.

Anayetaka kujua hali ya batri yake anaweza kumwomba fundi apime volti asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla chombo chochote hakijawashwa. Batri ya risasi iliyojaa na kutulia inaonyesha karibu volti 12.7. Ikiwa karibu 12.2, imefika nusu. Ikishuka chini ya 12 kila asubuhi, inauawa pole pole, na mwenye nyumba bado ana nafasi ya kupunguza mzigo au kuongeza pano.

Chombo kinachozuia kifo hicho ni regilatere. Kinakaa kati ya pano na batri, kinafunga moto batri ikijaa, na kinakata taa batri ikishuka mno. Ni chombo kidogo, na ndicho wengi wanachoruka ili kupunguza bei. Wengine wanayo, lakini inapokata taa usiku wanaunganisha waya moja kwa moja kwenye batri ili mpira umalizike. Mpira unamalizika, lakini batri imelipa.

Siku hizi ziko pia batri za litiumu, zile zinazoitwa litiumu-chuma-fosfati. Zinaruhusu kumwagwa hadi asilimia 80 au zaidi na zinavumilia maelfu ya mizunguko, wakati ile ya risasi inahesabu mamia. Bei yake ya kwanza ni kubwa. Lakini anayebadilisha batri ya gari kila mwaka, baada ya miaka michache anaweza kujikuta amelipa zaidi ya jirani aliyenunua litiumu mara moja.

Pano inapimwa kwa metro

Bidhaa za jua zinafika Fizi kwa njia ya barabara kutoka Uvira na kwa mashua kutoka Kigoma, Tanzania. Ndani ya mizigo hiyo kuna pano nzuri, na kuna pano zilizoandikwa wati ambazo hazina.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakidanganyi, na kinahitaji metro ya fundi nguo tu. Jua kali la mchana linaleta karibu wati 1000 juu ya metro moja ya mraba, na pano nzuri za sokoni zinageuza karibu sehemu moja kwa tano ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo pano ya wati 100 ya kweli inakaribia nusu metro ya mraba, kwa mfano metro 1 kwa sentimetro 50. Pano ya sentimetro 50 kwa 40 haiwezi kupita kama wati 40, hata ikiwa imeandikwa 100 kwa herufi kubwa. Mnunuzi anayepima mbele ya muuzaji hahitaji kubishana.

Kwa taa ndogo na vifurushi vilivyokamilika, kuna alama ya ukaguzi ya VeraSol, mradi wa kimataifa unaopima bidhaa za jua kama zinafanya kweli yale yaliyoandikwa. Bidhaa iliyopita ukaguzi huo lazima iwe na garanti isiyopungua mwaka 1.

Waya, vumbi na mwembe

Vitu vidogo vinaiba nguvu nyingi. Waya mwembamba wa milimetro 1.5, ukivutwa metro 10 kutoka pano hadi batri na kubeba ampea 5, unapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu sehemu moja kwa kumi. Waya wa milimetro 4 unapunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu volti. Ni afazali kuweka batri karibu na pano na kununua waya mfupi mnene.

Kivuli nacho. Seli za pano zimefungana kama shanga kwenye uzi: jani moja la mwembe au mchikichi likifunika seli chache, linaweza kuangusha nguvu ya pano karibu nzima. Wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 8, magari yanarusha vumbi juu ya paa zilizo karibu na barabara. Kitambaa chenye maji asubuhi mapema, pano ikiwa bado baridi, kinarudisha nguvu bila feza yoyote.

Katika Lusenda pano inafaa kuangalia kaskazini kwa mwinamo mdogo wa digrii 10 hadi 15. Jua karibu linapita juu ya kichwa, lakini mwinamo huo unasaidia mvua kuosha vumbi. Wanaoitandika chini mchana na kuiingiza ndani usiku kwa kuogopa wezi wanaweza kuitegemeza kwa jiwe, na wailinde na mbuzi na watoto wenye mpira.

Kulipa pole pole, na maswali ya kuuliza

Jamaa nyingi haziwezi kutoa feza yote mara moja. Njia ya kulipa kidogo kidogo kwa simu ilipata nguvu Kenya baada ya mwaka 2012 kwa kampuni ya M-KOPA, kisha ikaenea Afrika ya Mashariki na Congo. Mteja anatoa sehemu ya kwanza, anachukua kifurushi, kisha analipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Asipolipa, chombo kinajifunga. Akimaliza, kinakuwa chake.

Katika Congo, moja ya kampuni za kazi hiyo ni Altech, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, wana wa Congo ya mashariki waliokimbia vita na kukua katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Waliojua giza la kambi ng'ambo ya ziwa walirudi kuuza mwanga kwao. Hadisi hiyo ina maana kwa Lusenda, ambako sasa watoto wa Burundi ndio wanasoma kwa taa ndogo kambini.

Lakini kulipa pole pole ni deni, na deni linahitaji maswali kabla ya kutia saini. Jumla ya malipo yote ni ngapi, si ya juma moja tu? Batri ikifa kabla ya deni kumalizika, nani anaibadilisha? Fundi yuko Baraka, Uvira, ama mbali zaidi? Mkimbizi akirudi Burundi kabla ya kumaliza, chombo kinakuwa cha nani? Muuzaji mwema ana majibu, na anayaandika kwenye karatasi.

Batri iliyokufa isitupwe

Ndani ya batri ya risasi kuna asidi inayochoma na madini yanayoharibu ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Kuimwaga kwenye mfereji ni kuipeleka ziwani, kwenye maji yaleyale yanayochotwa kwa kunywa na kuvuliwa ndakala. Kuivunja nyumbani ili kuyeyusha risasi za nyavu ni kuvuta sumu na kuiacha kwenye udongo wa uwanja ambapo watoto wanacheza.

Batri nzee ina bei, kwa sababu risasi yake inaweza kutumika tena. Muuzaji anaweza kuipokea ikiwa nzima, pamoja na asidi yake, na kupunguza kidogo bei ya mpya. Inayosubiri isimamishwe wima, mahali pakavu, mbali na watoto. Na batri inayotumika bado, ikiwa ni ya kufunguliwa, inaongezewa maji safi ya batri peke yake. Maji ya ziwa au ya kisima yanaiharibu.

Kabla ya kutoa feza

Kwa jamaa yenye feza ya kitu kimoja tu, taa ndogo ya jua yenye garanti na mahali pa kuchajisha simu ni bora kuliko pano kubwa na batri ya gari iliyochoka. Kwa jamaa zinazoweza kusubiri, likelemba, ule mchango wa zamu ambao wamama wa Fizi wanaujua, unaweza kununua kifurushi kamili kwa kila mmoja kwa zamu yake, na kulipa fundi mmoja awatengenezee wote waya na regilatere.

Mpango wa kununua uanze na usiku: taa ngapi, saa ngapi, na nini kinaweza kukaa bila moto. Hapo ndipo inajulikana batri, baada ya batri pano, na mwisho bei. Wanaoanza na bei wanaishia kununua batri mara mbili.